Nani Alikuambia? Uelekezi wa Wasomaji na Wasikilizaji katika Historia ya Fasihi ya Meru na Embu

Utangulizi

Historia ya usomaji nchini Kenya imeandikwa zaidi kama historia ya waandishi na wachapishaji. Mhakiki hutaja kitabu, mwaka kilipotoka na kampuni iliyokitoa, kisha humchukulia msomaji kuwa yupo tu, ameketi, anasubiri kitabu kimfikie. Jinsi msomaji huyo alivyopata kujua kwamba kitabu hicho kipo ni jambo ambalo kwa kawaida haliulizwi. Hata nadharia ya upokezi, iliyopata nguvu kufuatia mhadhara wa Hans Robert Jauss kule Konstanz mwaka 1967, humkuta msomaji akiwa tayari na matini mkononi. Jauss humpa msomaji upeo wa matarajio, Wolfgang Iser humpa mapengo ya kujaza, lakini hakuna kati yao anayejishughulisha na mtu aliyemwambia msomaji, "Kitabu hiki kitafute." Naye Robert Darnton, katika makala yake maarufu ya mwaka 1982 kuhusu historia ya vitabu, alichora mzunguko unaotoka kwa mwandishi ukapitia kwa mchapishaji, mpiga chapa, msafirishaji na muuza vitabu hadi kwa msomaji. Ni mzunguko unaoielezea vyema Ufaransa ya karne ya kumi na nane. Ukihamishiwa kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, unaonyesha ufa, kwa sababu huko walikuwapo wasomaji miongo mingi kabla ya muuza vitabu wa aina aliyomfikiria Darnton.

Makala haya yanachunguza ufa huo. Yanatumia neno uelekezi kwa maana ya tendo la mtu anayejulikana na kuaminiwa kumwambia mwenzake kwamba matini fulani inastahili kusomwa au kusikilizwa. Hoja yake ni kwamba katika Meru na Embu uelekezi ndio ulioijenga hadhira ya fasihi, na kwamba ulijenga kwa namna ya mwenye shamba: kila palipopandwa, ua ulizungushwa. Kinachojulikana na jamii moja ya wasomaji hakikupita kwa urahisi hadi kwa jamii nyingine, na baadhi ya matini muhimu zimebaki ndani ya ua hadi leo.

Kwa maana ya kihistoria, majina Meru na Embu hapa yanahusu wilaya za kikoloni. Embu ilijumuisha Kirinyaga hadi mwaka 1963, na Meru ilijumuisha Tharaka na Nithi hadi mwaka 1992. Tangu mwaka 2013 eneo linalobaki ni kaunti tatu: Meru, Tharaka Nithi na Embu.

Kitabu cha jirani

Uingereza iliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906, na mwaka 1908 boma la serikali likawekwa Meru. Wamisionari walifuata kwa karibu sana. Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilifika Kabare mwaka 1910 na baadaye Kigari. Wakonsolata wa Kikatoliki na Wamethodisti waliingia Imenti. Kanisa la Skoti lilianzisha kituo cha Chogoria mwaka 1922 chini ya Daktari Irvine. Kila misheni ilikuja na shule, na kila shule ikaja na vitabu vyake. Kwa hiyo mahali mtu alipozaliwa ndipo palipoamua angesoma nini, na aliyemsomesha ndiye aliyeamua kipi kifuate.

Si ajabu, basi, kwamba neno athomi, yaani wasomaji, lilitumika katika lugha za eneo hili kuwataja Wakristo. Kusoma hakukuwa ustadi tu, kulikuwa uanachama. Mtu hakuwa msomaji kisha akachagua kitabu. Alijiunga na wenye kitabu, ndipo akawa msomaji. Mhakiki anayetumia dhana ya msomaji wa pekee, aliyejifungia chumbani na riwaya yake, anapaswa kukumbuka kwamba mwanzo wa usomaji katika Embu na Meru ulikuwa wa kikundi, na mwenye kuelekeza alikuwa mwalimu wa dini mwenye vitabu vichache sana.

Hali ya Embu inavutia zaidi. Agano Jipya la Kikuyu lilichapishwa mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951. Wameru walipata Agano Jipya katika Kimeru mwaka 1952 na Biblia kamili mwaka 1964. Wasemaji wa Kiembu, kwa upande wao, walielekezwa kwenye matini za Kikuyu, kwa dai kwamba lugha hizo zinakaribiana kiasi cha kutohitaji tafsiri nyingine. Uamuzi huo uliwanyima Waembu maandishi katika lugha yao kwa muda mrefu. Hata hivyo, matokeo yake ya kifasihi hayakutarajiwa na aliyeuchukua. Aliyefundishwa kusoma Injili katika Kikuyu aliweza pia kusoma Muigwithania, gazeti la chama cha Kikuyu Central Association lililoanza mwaka 1928 likihaririwa na Jomo Kenyatta. Misheni ilifungua mlango kwa ajili ya kitabu kimoja, na vingine vikapitia humo humo.

Mlango huo haukufungwa baadaye. Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980, riwaya hiyo ilisomwa kwa sauti nyumbani, kazini wakati wa chakula cha mchana, ndani ya magari ya abiria na katika vilabu vya pombe. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza hayo katika Decolonising the Mind (1986). Kisa cha Matigari ni kikubwa zaidi. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1986, na muda si mrefu watu wa Kenya ya kati wakawa wanamzungumzia mhusika wake mkuu kana kwamba ni mtu anayetembea barabarani akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Inasimuliwa kwamba serikali ilitoa amri akamatwe. Ilipobainika kuwa mtuhumiwa ni mhusika wa riwaya, vitabu ndivyo vilivyokamatwa, mwaka 1987. Wahakiki hukitaja kisa hiki kama kichekesho kuhusu udikteta. Kwa mtazamo wa makala haya kinasema jambo jingine: uelekezi wa mdomo ulienda mbali kuliko nakala zenyewe, hata watu ambao hawakuwahi kukishika kitabu wakawa tayari wanamjua Matigari. Hapo hadhira ilikuwa kubwa kuliko usomaji, na vipimo vya kawaida vya mauzo havina namna ya kuihesabu.

Mswada wa M'Inoti

Katika marejeleo ya vitabu vinavyohusu historia ya Wameru hutokea mara kwa mara jina la mswada mmoja: "Asili ya Wameru na Tabia Zao." Mwandishi wake ni Philip M'Inoti, mmoja wa wachungaji wa kwanza Wameru katika Kanisa la Methodisti, na mswada hutajwa kuwa wa takriban mwaka 1930. Umeandikwa kwa Kiswahili. Jambo hili la mwisho, ambalo wanahistoria hulipita haraka, ndilo linalopaswa kumshtua mhakiki wa fasihi.

Mwaka 1930 ndio mwaka ambao Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kenya ilikuwa na waandishi wachache mno wa nathari ya Kiswahili. Vitabu vya historia ya fasihi humtaja James Mbotela wa Frere Town, ambaye Uhuru wa Watumwa yake ilichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934 na kupata maisha marefu shuleni. Mbotela alikuwa mtu wa pwani, mzao wa watu waliookolewa utumwani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani mwake. M'Inoti alikuwa mtu wa bara, kutoka kabila lenye lugha yake, lakini alipotaka kueleza asili ya watu wake alikichukua Kiswahili. Hakuna orodha ya nathari ya awali ya Kiswahili inayompa nafasi kando ya Mbotela.

Kwa nini Kiswahili? Yamkini Kimeru cha maandishi kilikuwa bado kinabishaniwa baina ya misheni na misheni, na baina ya lahaja ya Imenti na zile za Tigania, Igembe, Mwimbi na Chuka. Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yao. Isitoshe, kilikuwa lugha ya boma, na swali la asili na tabia za Wameru lilikuwa swali la boma katika miaka hiyo. Maofisa wa utawala walitaka kujua mabaraza ya wazee yalivyofanya kazi, hasa Njuri Ncheke. H. E. Lambert, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, alijitahidi kulitambulisha baraza hilo serikalini. (Ni jambo la kufurahisha kwamba Lambert huyo huyo baadaye aligeukia lahaja na mashairi ya pwani, akaandika kuhusu Kivumba, Kijomvu na Kichifundi, na jina lake likabaki katika Diwani ya Lambert ya mwaka 1971. Njia ya mtu mmoja ilitoka kwenye baraza la Wameru ikafika kwenye ushairi wa Waswahili, na bado wataalamu wa nyanja hizo mbili husoma nusu nusu ya maisha yake.)

Mswada wa M'Inoti haukufika kwa watu kupitia duka wala maktaba ya umma. Ulijulikana kwa kutajwa. Mtafiti alipofika Meru na kuuliza habari za zamani, aliambiwa waone wazee fulani, na aliambiwa pia kwamba yapo maandishi ya mchungaji. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya historia simulizi za Wameru na kuchapisha When We Began There Were Witchmen mwaka 1993, ni mmoja wa wale walioutumia. Kila aliyeutumia aliutaja katika marejeleo yake; kila aliyesoma marejeleo hayo akajua upo. Karin Barber na wenzake, katika mkusanyo wa mwaka 2006 kuhusu maandishi yaliyofichika ya Afrika, wameonyesha jinsi watu wa kawaida wa enzi ya ukoloni walivyohifadhi barua, shajara na miswada katika masanduku ya bati chini ya vitanda. Mswada wa M'Inoti ni wa ukoo huo, ila sanduku lake limekuwa marejeleo ya wageni.

Upande wa Embu una mfano wa kulinganisha. H. S. K. Mwaniki alikusanya simulizi za wazee wa Embu na Mbeere na kuzichapisha: The Living History of Embu and Mbeere mwaka 1973 na Embu Historical Texts mwaka 1974. Kazi ya namna hiyo hutegemea uelekezi kuliko kitu kingine chochote. Mzee hupatikana kwa sababu mzee mwingine amemtaja. Sifa ya msimulizi hutolewa na rika lake wala si na cheti. Tofauti ni kwamba Mwaniki alivipeleka vinywa hivyo kwenye chapa, na Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ikavitoa. Hata hivyo, viliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi anayetaka kusoma nathari ya kihistoria ya eneo hili katika Kiswahili anarudi pale pale kwa M'Inoti, na huko anakuta jina la mswada, mwaka wenye neno "takriban" na mlango uliofungwa.

Hapa ndipo hasara ya uelekezi inapoonekana. Uelekezi uliunusuru mswada huo usisahauliwe kwa karibu karne moja. Lakini ulielekeza nani? Watafiti waliwaelekeza watafiti. Mwalimu wa Kiswahili wa Nkubu au Maua, ambaye angeweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba lugha wanayotahiniwa ilikuwa ikiandikiwa vitabu na mtu wa kwao kabla babu zao hawajaoa, hakuwa ndani ya mzunguko huo.

Orodha ya serikali

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuuondoa usomaji mikononi mwa waelekezi wa kienyeji. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1948 ikiongozwa na Charles Richards, ambaye awali alihusika na duka la vitabu la misheni mjini Nairobi. Ofisi hiyo ilitoa vitabu, na pia ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuendesha maktaba ya posta, ambapo msomaji wa mbali aliandika barua kuomba kitabu na kukirudisha kwa njia hiyo hiyo. Wazo lilikuwa zuri. Lakini maktaba ya posta humtaka msomaji ajue anachotaka kabla ya kukiona. Anayejaza fomu lazima awe amesikia jina la kitabu mahali fulani, na mahali hapo palikuwa shuleni, kanisani au kwa aliyekwisha kukopa. Ofisi ilidhani imempa msomaji uhuru wa kuchagua. Kwa kweli ilimpa mwelekezi wa zamani chombo kipya.

Mwaka 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, na Embu na Meru zikawa ndani yake. Magazeti mengi ya Kikuyu yalipigwa marufuku, shule za kujitegemea zikafungwa, watu wakahamishiwa vijiji vya lazima. Katika mazingira hayo kumpendekezea mtu kitabu kuliweza kumpeleka kizuizini. Kitabu cha nyimbo kilichopatikana nyumbani kilikuwa ushahidi, na ushahidi huo ulimhusu mwenye nyumba pamoja na aliyempa. Si rahisi kupima athari ya miaka kama hiyo kwa mazoea ya kusoma, lakini mhakiki anayeshangaa kwa nini wazee wengi wa eneo hili hawapendi kutaja walichokisoma ujanani ana pa kuanzia.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 1967, na baada ya muda matawi yakafika Embu na Meru mjini, na hata Mikumbune. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977.

Redio na kadi ya salamu

Kuna aibu kidogo miongoni mwa wahakiki kuzungumzia redio. Inaonekana kuwa ya wanahabari. Lakini kwa mkazi wa Runyenjes au Mitunguu wa miaka ya 1960 na 1970, Kiswahili cha kifasihi hakikuingia nyumbani kwa kitabu. Kiliingia kwa sauti. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya Wazungu hasa. Vita vya Pili vya Dunia vikaleta matangazo kwa lugha za Kiafrika. Mwaka 1964 Sauti ya Kenya ikawa chini ya serikali, na mwaka 1989 jina la KBC likarejea. Kimeru na Kiembu vilipewa muda mdogo hewani. Idhaa ya Kiswahili ilikuwa wazi siku nzima.

Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", ambacho kilidumu zaidi ya nusu karne, mtangazaji huyo alifariki Februari 2025. Jina la ukoo si bahati nasibu: ni Mbotela wa Frere Town, ukoo ule ule wa mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Kipindi kilikuwa kifupi. Mtangazaji alieleza tendo fulani la watu, akaliuliza swali lililo katika jina la kipindi, akawaachia wasikilizaji hukumu. Kimuundo hicho ni kisa chenye mwisho ulio wazi, na mwisho huo ulikamilishwa nje ya redio, kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa au katika hoteli ya chai. Aliyekosa kusikiliza alikosa mazungumzo ya siku iliyofuata; kwa njia hiyo wasikilizaji walizalisha wasikilizaji. Mchezo wa redio "Ushikwapo Shikamana," uliorushwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ukiwa na mafunzo kuhusu uzazi wa mpango, ulitegemea jambo hilo hilo: waliouandaa walijua kwamba kinachobadilisha mawazo ni mabishano ya mume na mke baada ya kipindi kuliko kipindi chenyewe.

Chombo kilichodhihirisha uelekezi huu kwa uwazi zaidi ni kadi ya salamu. Msikilizaji aliijaza kadi, akaandika jina lake au lakabu aliyojichagulia, sanduku la posta la shule, kanisa au duka, kisha orodha ya watu anaowasalimu, na mwishoni ujumbe mfupi wa hekima au utani. Mtangazaji alizisoma kadi moja baada ya nyingine. Kwa asiyezoea, kipindi cha salamu kilikuwa majina matupu. Kwa waliokuwa ndani, kila jina lilikuwa na uzito. Kadi iliyosomwa hewani ilimtangazia jirani kwamba fulani wa Chuka anasikiliza saa hii, kwamba rafiki yake wa Siakago anatarajiwa kuwa anasikiliza, na kwamba wote wawili wanamtarajia huyu wa tatu. Hakuna tangazo la kibiashara lenye nguvu ya namna hiyo. Watumaji walikuja kuunda vilabu, wakakutana ana kwa ana, wakachangiana katika harusi na misiba. Watu waliofahamiana kwanza kama sauti za majina wakawa jamaa.

Mtindo wa kadi hizo unastahili uhakiki wake. Lakabu ilifanya kazi ya jina la kalamu. Orodha ya wasalimiwa ilikuwa na utaratibu wa heshima, wazee mbele na rika baadaye. Ujumbe wa mwisho ulidai ufupi na mizani, na mara nyingi ulikuwa methali iliyopindwa. Kwa watu wengi wa Meru na Embu ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza, hapa ndipo walipokitunga kwa hiari kwa mara ya kwanza, bila mwalimu wa kuwasahihisha. Idara za fasihi zimekusanya vitendawili vya Wameru na nyimbo za Waembu kwa bidii ya kusifiwa. Kadi za salamu hazikuonekana kuwa fasihi, na nyingi zimetupwa.

Vitabu vya lazima

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, hadhira ya vitabu vya Kiswahili katika eneo hili ilipanuka kwa kasi ambayo hakuna misheni wala ofisi iliyowahi kuifikia. Eneo lilikuwa tayari limetoa wataalamu. Ireri Mbaabu alikuwa amechapisha Kiswahili: Lugha ya Taifa mwaka 1978. Mwenda Mbatiah angefuata na riwaya ya Upotevu (1999) na Kamusi ya Fasihi (2001). Kutoka Tharaka alikuja Kithaka wa Mberia, mshairi na mtunzi wa tamthilia, ambaye Mchezo wa Karata na Natala zilitoka mwaka 1997 kwa Marimba Publications, na Kifo Kisimani mwaka 2001.

Kifo Kisimani iliwekwa katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa katika shule za sekondari. Tangu hapo kijana wa Tharaka alimsoma mwandishi wa kwao kwa sababu Nairobi ilimwamuru. Hili si dogo: tamthilia inayohusu utawala wa kiimla wa Butangi na kijana Mwelusi anayeupinga iliingia katika kila darasa la nchi. Lakini amri hutofautiana na uelekezi. Mwelekezi hubeba lawama kitabu kikichosha. Kwa hiyo huchagua kwa uangalifu, na humfuata msomaji wake baadaye kumuuliza amekionaje. Orodha ya mtihani haina wa kulaumiwa. Huja na mwongozo wake, ambao umeshasema dhamira ni zipi, mhusika ana sifa gani na jazanda ya kisima ina maana gani. Na kitabu kikiondolewa katika orodha, kinaondoka pia madukani. Ushairi wa Kithaka ambao haukutahiniwa, wenye majaribio makubwa ya umbo kuliko tamthilia zake, umebaki kwa wachache wanaopashana habari. Inawezekana kabisa kwamba katika Tharaka yenyewe wamo wengi wanaoweza kutaja sifa 5 za Mwelusi lakini hawajawahi kumsikia mtu akisema kwamba mashairi ya mwandishi huyo yanapendeza.

Sauti za simu

Baada ya mwaka 2000 vituo vya redio vya lugha za kienyeji vilienea, Muuga FM ikitangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, na simu za mkononi zikafuata. Sasa podikasti zimeongezwa juu yake. Nchini Kenya vipindi kama Legally Clueless, ulioanzishwa na Adelle Onyango mwaka 2019, vimejengwa kwa visa vya wasikilizaji wenyewe, jambo linalokumbusha kadi ya salamu kuliko taarifa ya habari. Mashine nazo zimejipa kazi ya kuelekeza: programu humwonyesha msikilizaji kile kinachofanana na alichosikiliza jana.

Mtu anaweza kudhani kwamba mwelekezi wa kale amestaafishwa. Dalili ni tofauti. Kiungo cha podikasti au nakala ya kitabu hufika Meru na Embu kwa kawaida kupitia kikundi cha WhatsApp, na vikundi hivyo ni vya chama, vya kanisa, vya ukoo, vya wanafunzi wa zamani wa shule fulani. Ni athomi wale wale kwa umbo jipya, na ua ni ule ule: kisomwacho na kikundi cha Kanisa la Methodisti cha Kaaga hakiwafikii wa parokia ya Kikatoliki iliyo umbali wa kutembea. Imeongezeka dhara moja, nayo ni kwamba nakala zinazosambazwa mara nyingi ni za wizi, na miongozo ya mtihani husambaa haraka kuliko vitabu vyenyewe. Mwandishi anatajwa, anasifiwa, halipwi.

Lakini chombo hiki kina uwezo ambao sanduku la vitabu la mwaka 1948 halikuwa nao. Eneo sasa lina vyuo vikuu vyake, Chuka, Meru na Embu vikiwa miongoni mwavyo, na cha Meru kiko Nchiru, karibu na makao ya Njuri Ncheke. Kurasa za "Asili ya Wameru na Tabia Zao" zikipigwa picha kwa ruhusa ya wenye haki, zinaweza kuwa katika simu za walimu wa Kiswahili kutoka Maua hadi Siakago kabla ya jua kuchwa. Kinachokosekana ni mtu wa kwanza wa kuutaja mswada huo ndani ya kikundi kinachomjua.